Protini 180 na Moja: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mpunga wa Katindiuka

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Ifakara, na ndugu zangu wa upande wa mama wanalima mpunga Katindiuka. Kwa hiyo kimyanga nimekijua vitabuni na nimekijua pia kwa magunia yanayopungua nyumbani. Ni ule ugonjwa unaoufanya mpunga kuwa wa manjano, ukadumaa, na mwisho ukatoa mapepe badala ya punje. Unaletwa na kirusi ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi RYMV. Vipeperushi vingi anavyopewa mkulima vinaeleza dalili kisha vinamwambia ang'oe na achome. Mimi nimepata faida kubwa zaidi kwa kuuliza jambo lililo nyuma ya hapo: chembe ya kirusi hiki imejengwa na nini, na imejengwaje? Kila nilipopata jibu, kuna jambo la shambani lililoeleweka.

1. Si kila njano ni njaa

Mama mkubwa alinipeleka kwenye jaruba lake mwezi wa pili, mpunga ukiwa umeshapandikizwa na umeshika. "Huu una njaa, mwanangu," akasema. "Tuutafutie urea."

Tulikata jani moja, lile la juu kabisa lililotoka kukunjuka, tukapanda nalo kwenye dungu na kuliinua kuelekea jua. Halikuwa la manjano tupu. Lilikuwa na vidoa vya manjano vilivyorefuka kufuata mishipa, kimoja kikikatika na kingine kikianzia mbele yake, na kati yao kijani kimebaki. Mpunga wenye njaa ya naitrojeni huanza kubadilika kwa majani ya chini, yaliyozeeka, kwa sababu mmea unayanyang'anya chakula na kukipeleka kwenye majani machanga, na jani hufifia lote kwa pamoja. Kirusi kinajionyesha kwenye majani mapya, na kinaacha mabaka. Ukilijua hilo, unaweza kusimama pembeni ya jaruba na kuamua kama fedha ya urea itarudi.

Urea haikununuliwa kwa jaruba lile. Msimu ulipofika kwenye kuchanua, masuke mengi yalikwama kwenye ala ya jani, na yaliyotoka yalikuwa mepesi mkononi.

2. Hadubini ya shule haifiki huko

Wanafunzi wakisikia habari hizi wanataka kukiona kirusi chenyewe. Hadubini tuliyonayo inatumia mwanga, na kwa mwanga huwezi kupambanua vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi. Kirusi cha kimyanga kina kipenyo cha kama nanomita 30. Vipange virusi 200,000 kwenye mstari mmoja, ndipo utafikia urefu wa punje moja ya mchele.

Ndiyo maana ugonjwa ulijulikana mapema na umbo la kirusi likachelewa. Mpunga wenye dalili hizi ulionekana Kenya, karibu na Kisumu kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1966, na mtafiti aitwaye Bakker akakieleza kirusi chenyewe mwaka 1970. Ramani ya atomu zake ilipatikana mwaka 2000, pale watafiti wa Taasisi ya Scripps, California, walipokifanya kirusi kuwa fuwele na kukipiga eksirei. Kitendo cha kugeuka fuwele peke yake kinasema jambo: fuwele hujengeka pale chembe zinapofanana kabisa, moja kwa moja, bila ya kubahatisha. Wendell Stanley alipopata fuwele za kirusi cha tumbaku mwaka 1935, wengi walishtuka kwamba kitu kinachoambukiza na kuongezeka kinaweza kukaa kwenye chupa kama unga mweupe.

3. Mpira wa miguu unatosha kufundishia

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, na sichoki kulirudia.

Chukua mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, wenye vipande vyeusi na vyeupe. Hesabu vyeusi: ni 12, na kila kimoja kina pembe tano. Hesabu vyeupe: ni 20, kila kimoja kina pembe sita. Kirusi cha kimyanga kimejengwa kwa mpango huohuo. Mahali penye kipande cheusi pamekaa protini tano zilizozunguka pamoja; mahali penye cheupe zimekaa sita. Kumi na mbili mara tano ni 60. Ishirini mara sita ni 120. Jumla ni protini 180, na zote ni za aina moja.

Darasani nawapa wanafunzi mpira na chaki, wanaweka nukta moja kwenye kila pembe ya kila kipande, upande wa ndani wa mshono. Mwanzoni wanagombana, maana ukizunguka mpira ni rahisi kupoteza ulipoanzia. Halafu mmoja anagundua kwamba hana haja ya kuhesabu nukta. Anahesabu vipande na kuzidisha. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba Donald Caspar na Aaron Klug walifanya kazi hiyo ya kuzidisha mwaka 1962, wakaonyesha kwa nini maganda ya virusi vingi vya mviringo yana protini 60, au 180, au 240, na si idadi yoyote tu inayokuja. Klug alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1982, kwa kazi yake kwenye hadubini ya elektroni na maumbo ya aina hii.

Kuna swali ambalo mwanafunzi makini huliuliza, na nalisubiri kila mwaka. Ikiwa protini zote ni za aina moja, inawezekanaje nyingine zikae tano tano na nyingine sita sita? Jibu ni kwamba protini ina kiasi fulani cha kulegea. Mnyororo wake ni uleule, asidi amino 239 kwa mpangilio uleule, lakini unapojikunja unaweza kukaa kwa namna tatu zinazokaribiana. Wataalamu wameziita A, B na C. A hukaa kwenye tano. B na C hupokezana kwenye sita. Ziko 60 za kila namna. Hakuna fundi anayesimamia ujenzi huu ndani ya seli ya mpunga. Protini zinasukumana na kuvutana zenyewe mpaka mpira unafunga.

Nimeona mtoto aliyekuwa akilala kipindi cha virusi akibaki darasani baada ya kengele, mpira mikononi, akitafuta A iko wapi.

4. Kirusi hakina nafasi ya maneno ya ziada

Kwa nini kijijenge kwa protini moja iliyorudiwa, wakati protini za aina mbalimbali zingeweza kugawana kazi? Hesabu inajibu. Maelekezo yote ya kirusi hiki yamo kwenye uzi mmoja wa RNA wenye herufi 4,450 hivi. Kila asidi amino inahitaji herufi tatu. Protini moja ya ganda inakula herufi 717, ukiongeza na alama ya kumalizia ni 720. Kama kila moja kati ya zile 180 ingekuwa na maelekezo yake, zingehitajika herufi karibu 130,000. Uzi una karibu sehemu moja ya thelathini tu ya hizo, na hata ungekuwa nazo zote, usingeingia ndani ya mpira. Francis Crick na James Watson walilieleza hili mwaka 1956, kabla mtu hajaona ganda la kirusi chochote kwa karibu: kirusi kidogo lazima kijenge kwa kurudia kipande kilekile.

Herufi zilizobaki zinatumika kutengeneza protini ambazo hazimo kwenye ganda. Moja inanakili RNA. Nyingine inakata minyororo mirefu kuwa vipande vyenye kazi. Ya tatu, iitwayo P1, inazima ulinzi wa mmea, maana mpunga nao una njia ya kuitambua RNA ngeni na kuikatakata. Mkulima anaposema kirusi "kimeingia," kuingia ni mwanzo tu. Vita vinaamuliwa na hizi protini zinazotengenezwa humo humo ndani, kwa gharama ya mmea.

Na ndani ya mpira huohuo mdogo hupatikana wakati mwingine abiria: RNA nyingine ya duara, yenye herufi 220 tu, inayosafiri ndani ya ganda ambalo haikulijenga.

5. Mikono ya protini, na mikono yetu

Kirusi hiki kina ndugu yake anayeshambulia kunde. Maganda yao yanafanana sana, lakini cha mpunga ni kigumu zaidi, na ramani ile ya mwaka 2000 ilionyesha kwa nini. Kila protini ya ganda ina mwili ulio kwenye uso wa mpira na mkia unaoingia ndani. Mkia una chaji chanya nyingi, na ndio unaoikamata RNA yenye chaji hasi. Sasa, kwenye zile protini 60 za namna ya C, sehemu ya mkia hujipanga kama mkono. Kwa kirusi cha kunde mkono huo unashika hapo hapo jirani. Kwa kirusi cha mpunga unageukia upande wa pili na kushikana na wenzake wa mbali zaidi, hivyo vipande vya mpira vinafungana kwa mtandao mpana. Juu ya hilo kuna ioni za kalisiamu zilizokaa kati ya protini na protini na kuzibana. Ukiiondoa kalisiamu na kupunguza asidi, mpira unavimba na kulegea, tayari kuachia RNA.

Niliposoma habari hiyo nilielewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni jinsi kirusi kinavyopita ndani ya mmea. Mwaka 1998 watafiti walikiona kimejaa kwenye mirija inayopandisha maji, na kwenye viwambo vinavyotenganisha seli za mirija hiyo. Viwambo hivyo vinaimarishwa na kalisiamu. Watafiti wakapendekeza kwamba kirusi kinaichukua kalisiamu hiyo kujikazia ganda lake, na kiwambo kikibaki dhaifu kinapitika.

La pili liko nje ya mmea. Utomvu wa mpunga mgonjwa ukiachwa kwenye joto la kawaida la chumba unaweza kuambukiza kwa zaidi ya mwezi. Ili kukiharibu kirusi kwa moto ni lazima ufikie nyuzijoto 80 hivi. Kitu kigumu namna hiyo hakihitaji mdudu pekee. Mbawakavu wa majani wanakisambaza, ni kweli, kwa kutafuna jani gonjwa kisha zima. Lakini tazama siku ya kupandikiza. Miche inang'olewa kitaluni kwa viganja, mizizi inagongwagongwa ili tope lidondoke, mafungu yanafungwa, yanabebwa, yanafunguliwa, na kila mche unasukumwa topeni kwa kidole gumba. Mche mmoja mgonjwa kitaluni unagusana na mamia ya wenzake kabla ya saa sita mchana. Halafu vibarua walewale kesho wako kwa jirani. Mundu nao unafanya hivyo hivyo wakati wa kuvuna, na ng'ombe wanaoingizwa kula mabua wanapita na utomvu mdomoni na kwatoni.

Tangu tuongee habari ya mikono, mama mkubwa ana utaratibu wake na hauvunji. Kitalu kinakaguliwa kabla ya kung'oa, mche wenye vidoa unatolewa peke yake na mtu ambaye siku hiyo hagusi mingine. Kupandikiza kunaanza kwenye jaruba lisilo na historia ya ugonjwa na kumalizikia kwenye lile lenye historia. Baada ya mavuno maotea hayaachwi yaendelee kuota, wala mpunga pori kwenye tuta, kwa sababu hapo ndipo kirusi kinapokaa kikingoja mvua. Vibarua walinung'unika kidogo msimu wa kwanza. Wawili kati yao sasa wanafanya hivyo kwenye mashamba yao.

6. Sabuni inajua mafuta, na huku hakuna mafuta

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na muda si mrefu kila geti la shule na kila duka la Ifakara lilikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Sabuni ilikuwa na kazi halisi. Kirusi cha korona kimevaa utando wa mafuta juu ya kila kitu, na ile miiba ya protini inayokamata seli zetu imechomekwa kwenye utando huo. Sabuni inauvunja utando, na miiba inabaki haina pa kushikia. Chikungunya, iliyotambuliwa kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 huko Newala, nayo ina utando wa mafuta na miiba 80 iliyopangwa kwa ukamilifu wa ajabu.

Kimyanga hakina mafuta hata tone. Sabuni na maji vinakitoa kwenye kiganja na kwenye mundu, na hilo linatosha kuwa sababu ya kunawa, lakini havikipasui. Na zile dawa zinazouzwa kwenye duka la pembejeo zinaua mdudu. Ganda la protini halina mfumo wa fahamu wala tumbo la kutiwa sumu. Nasikitika kila ninapomwona mtu mzima akibeba bomba la dawa mgongoni kupulizia mpunga ambao tayari una mabaka. Fedha hiyo ni ada ya mtoto.

7. Protini ya 181

Nilidhani hesabu ya chembe hii imeishia 180, kwa sababu ndivyo michoro mingi inavyoonyesha. Iko moja zaidi. Kwenye kichwa cha ule uzi wa RNA imefungwa protini ndogo iitwayo VPg. Ni moja tu kwa kila uzi, imefichwa ndani, na bila hiyo zile 180 zimejenga bure.

Kazi yake ni hii. Seli ya mpunga haisomi RNA yoyote inayopita. Inahitaji kuonyeshwa kwamba huu ni ujumbe wa kusomwa. Mpunga una protini yake inayoshika ujumbe na kuupeleka kwenye mashine ya kutengeneza protini. VPg inashikana na protini hiyo ya mpunga, na hapo seli inaanza kusoma maelekezo ya mgeni kana kwamba ni ya nyumbani.

Kuna mpunga wa Msumbiji uitwao Gigante ambao kimyanga hakiuwezi. Mwaka 2006 ilichapishwa sababu yake: kwenye ile protini ya mpunga, asidi amino moja, ya 309, imebadilika kutoka glutamiki kuwa lisini. Moja tu. VPg inafika, inatafuta pa kushika, haipapati. Mpunga wenyewe unaendelea na maisha yake bila shida. Baadhi ya mpunga wa asili wa Kiafrika, ule wa Afrika Magharibi uitwao Tog, nao una mabadiliko kwenye protini hiyohiyo.

Habari hii ilinipa matumaini na hofu kwa pamoja. Matumaini, kwa sababu kinga hii inarithiwa kwenye mbegu, mkulima hanunui dawa kila msimu. Ila ni ya kurithi kimyakimya: mmea lazima uipate kwa baba na kwa mama ndipo ilinde, kwa hiyo anayezalisha mbegu hana budi kupima vizazi kwa subira. Hofu, kwa sababu kirusi nacho kinabadilika. Maabara zimeona VPg ikibadili asidi amino yake ya 48 na kuweza kushika tena. Chikungunya ilifanya jambo la namna hiyo kisiwani Réunion mwaka 2005 na 2006: badiliko la asidi amino moja kwenye mwiba wake likakifanya kirusi kikubaliane na aina nyingine ya mbu, na mlipuko ukawa mkubwa mno.

8. Kirusi hiki ni cha kwetu

Watafiti wamelinganisha RNA ya kimyanga kutoka nchi nyingi za Afrika, toka Mali mpaka Madagaska. Aina zilizotofautiana zaidi ziko mashariki mwa Tanzania, na mti wa ukoo wao unarudi hapa, katikati ya karne ya 19, wakati kilimo cha mpunga kilipokuwa kikitoka pwani na kuingia bara. Hapa nchini zimetambuliwa S4, S5 na S6. Maana yake kwa bonde la Kilombero ni kwamba mbegu iliyothibitika kustahimili Burkina Faso au Mali haijathibitika kwetu. Ijaribiwe hapa, dhidi ya virusi vya hapa, katika tope letu. Ifakara ina kituo cha utafiti wa mpunga tangu enzi kilipoitwa KATRIN, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), na ndiko mbegu ya mpunga ya SARO 5 ilikofanyiwa kazi kabla ya kuenea mashambani. Uwezo wa kuijaribu mbegu upo.

Siku nilipomweleza mama mkubwa habari za Gigante alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mambo matatu. Kwanza, unakomaa kwa muda gani. Pili, unaanguka maji yakija? La tatu aliliuliza huku akipepeta:

"Unanukia?"

Nikamwambia harufu ya Supa, mpunga wetu unaonukia, inatokana na jeni nyingine kabisa, na mzalishaji akivuka Supa na Gigante, kisha akarudia kuvusha watoto wao na Supa kizazi baada ya kizazi huku akipima kila mche, anaweza kupata mpunga unaonukia na wenye ile asidi amino ya 309.

"Basi wafanye hivyo," akasema. "Usionukia watu wa Dar hawaununui, na mimi sipiki."